Swali la Mpiga Saksofoni

Mwaka 1972 mpiga saksofoni mmoja wa Kinshasa alitoa wimbo uliobeba swali zito. Mtu huyo alijulikana kwa jina la Verckys, na majina yake ya nyumbani ni Kiamuangana Mateta. Wimbo wake uliitwa «Nakomitunaka», neno la Kilingala ambalo kwa Kiswahili chetu ni «Najiuliza». Ndani yake mwimbaji anamgeukia Mungu na kumwuliza ngozi nyeusi imetoka wapi. Anasema kwamba katika vitabu vya dini Adamu na Eva ni weupe, Yesu ni mweupe, malaika na watakatifu wote ni weupe. Shetani peke yake ndiye anayechorwa mweusi. Anauliza pia sababu ya kukatazwa kwa vitu vya ibada vya mababu zetu, hali kanisani tunasali mbele ya sanamu na rozari tumeishika mkononi.

Wimbo ule ulipendwa sana, na uliwaudhi wengi pia. Wako waliousikia kama tusi kwa Kanisa, na wako waliousikia kama kilio chao wenyewe ambacho hakuna aliyekuwa amethubutu kukitamka. Zaidi ya miaka 50 imepita tangu siku zile. Mwimbaji amekwisha kufariki, lakini swali lake lingali hai, na mwaka jana lilifika mpaka kwetu hapa Kasapa na kumgusa kijana mmoja tunayempenda. Ndiyo sababu naomba tulitafakari pamoja.

Kijana huyo sitamtaja kwa jina. Anasoma katika kampasi ya Chuo Kikuu, jirani zetu. Siku ya Dominika hupiga saksofoni katika fanfari ya parokia. Jumamosi ni DJ: hubeba spika na kompyuta yake, akaenda kwenye harusi na sherehe za wanafunzi waliomaliza masomo, na kile anacholipwa humsaidia kuendelea na masomo yake. Katika sikukuu ya vijana, baada ya Misa na chakula, alikuwa akichezesha muziki uani. Katikati ya nyimbo za siku hizi akaweka «Nakomitunaka». Vijana waliendelea kucheza, maana wengi wao walisikia ala tu. Lakini mzee mmoja anayekijua vizuri Kilingala aliinuka, akamwendea, akamwomba azime. Kijana alizima kwa heshima, akaweka wimbo mwingine.

Jambo halikuishia hapo. Juma lililofuata, baadhi ya wakubwa walitaka aondolewe katika fanfari. Walisema kwamba pumzi inayochezesha wimbo wa namna ile haifai kupulizwa mbele ya altare. Kijana hakubishana. Alikuja kwangu akauliza neno moja tu: «Papa Katekista, wimbo ule unakosea wapi?» Kisha akakaa nyumbani Dominika mbili.

Zile Dominika mbili zilinisumbua kuliko wimbo wenyewe. Wazazi wetu walisema kwamba kuuliza si ujinga. Mtu anayeuliza ndani ya nyumba bado ni wa nyumba hiyo. Anapoanza kuuliza nje peke yake, pengine majibu atayapata kwa watu wasiompenda. Kwa hiyo baraza la parokia liliponiomba niseme na vijana juu ya jambo hili, nilikubali, tukakutana jioni tatu. Mimi ni mwalimu kwa mafunzo, na nilianza kama walimu wanavyoanza: mtu huyu alikuwa nani, aliishi wapi, na alisema maneno hayo wakati gani.

Verckys alizaliwa tarehe 19 Mei 1944 huko Kisantu, katika Kongo ya Chini, mji wenye misheni ya zamani ya Wayesuiti. Jina la Verckys alijichagulia mwenyewe. Inasemwa kwamba lilitokana na kusikia vibaya jina la mpiga saksofoni Mmarekani, King Curtis: sikio la kijana wa Kongo lilipokea «Curtis», mdomo ukatoa «Verckys». Jina lililosikiwa vibaya likawa jina la mtu mashuhuri.

Chombo chenyewe kina safari yake. Saksofoni ilibuniwa na Mbelgiji, Adolphe Sax, mzaliwa wa mji wa Dinant, naye alipewa hati ya kuimiliki mwaka 1846 huko Paris. Mwili wake ni shaba nyeupe ya manjano, lakini sauti yake huzaliwa katika kipande chembamba cha tete kinachokaa mdomoni mwa mpigaji. Pumzi ikikosekana, shaba yote ile ni bomba tu. Nawaambia haya ili mtambue jambo moja: chombo kilichotoka katika nchi ya waliotutawala ndicho Verckys alichokishika alipotaka kuuliza swali la Wakongo. Hakukikataa kwa sababu ya mahali kilipotoka. Alikitia pumzi yake. Tutalikumbuka hilo tutakapofika kwenye rozari.

Mwaka 1963 alijiunga na orkestra OK Jazz ya Franco Luambo, iliyokuwa kati ya orkestra kubwa kabisa za nchi yetu. Alidumu humo miaka sita hivi, na saksofoni yake ikajulikana kila mahali. Lakini sitawaficha sehemu isiyopendeza. Franco alipokuwa safarini Ulaya, Verckys alirekodi nyimbo kwa faida yake mwenyewe pamoja na wanamuziki wa orkestra ile ile, bila ruhusa ya mkubwa wao. Wakagombana, na mwaka 1969 akaondoka kwenda kuanzisha orkestra yake, Vévé. Simleti kwenu kama mfano wa utakatifu. Namleta kama mtu aliyeuliza.

Alifanya pia kazi nyingine ambayo vijana wengi hawaijui. Katika miaka ya 1940 na 1950 nyumba kubwa za kutoa sahani za muziki huko Léopoldville, kama Ngoma, Opika na Loningisa, zilikuwa mikononi mwa wafanyabiashara wageni, Wagiriki hasa. Mwanamuziki wa Kongo aliimba, na mwenye duka aliamua kipi kitasikiwa. Verckys alikuwa mmoja wa Wakongo waliobadili mambo hayo. Alianzisha nyumba yake, Éditions Vévé, na kwa njia hiyo taifa likazisikia orkestra za vijana kama Bella Bella, Lipua Lipua na Kiam. Baadaye alijenga Vévé Centre huko Kinshasa, mahali pa kupigia na kuchezea muziki. Alifariki Oktoba 2022, akiwa na umri wa miaka 78.

Nilipofika hapo, msichana mmoja wa kwaya alisema: «Basi alikuwa mpigaji, na alikuwa DJ pia.» Wenzake wakacheka, lakini alisema kweli. Kazi ya DJ ni kuchagua. Yeye hatungi wimbo, lakini ndiye anayeamua usikiwe sasa au baadaye, na watu gani, na baada ya wimbo upi. Hiyo ni mamlaka, tena si ndogo. Mimi katekista ninayo mamlaka ya namna hiyo: sikuandika Injili, lakini nachagua hadithi ipi mtoto wa miaka saba aisikie kwanza.

Mjomba wangu alikuwa mtu wa kazi hiyo katika miaka ya 1970, katika baa moja ya mtaa wa Kenya hapa Lubumbashi. Siku zile hakuna aliyemwita DJ. Walimwita mtu wa santuri. Alikuwa na kreti mbili za sahani na kitambaa laini cha kuzifutia vumbi, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kukigusa kitambaa kile. Nilipokuwa kijana aliniambia kwamba «Nakomitunaka» hakuiweka kamwe usiku wa manane. Aliiweka mapema, kabla bia hazijazoea meza, kwa kuwa maneno yake yalihitaji watu wenye akili timamu. Baada ya kazi alilala saa chache, kisha akaenda Misa ya kwanza ya Dominika. Sikumsikia akisema kwamba mambo hayo mawili yanapigana.

Jioni ya pili tuliongea juu ya mwaka wenyewe, 1972. Wimbo huwezi kuuelewa ukiutoa katika mwaka wake.

Tarehe 27 Oktoba 1971 nchi yetu iliitwa Zaire. Mwanzoni mwa mwaka uliofuata Rais Mobutu aliacha majina yake ya Joseph-Désiré, na raia wote wakaamriwa kuyaacha majina ya kigeni. Ulikuwa wakati wa siasa iliyoitwa «authenticité», yaani kurudi kwenye asili. Kardinali Malula wa Kinshasa hakukubaliana na mambo hayo yalivyoendeshwa. Alifukuzwa katika makao yake, akalazimika kukaa Roma miezi kadhaa. Mimi nilizaliwa mwaka huo huo. Katika karatasi zangu za serikali hakuna jina la mtakatifu. Jina langu la ubatizo mama alilitumia nyumbani na kanisani tu. Verckys naye, aliyezaliwa akiitwa Georges, alibaki na Kiamuangana Mateta.

Mambo yakaendelea. Mwaka 1974 Noeli iliondolewa katika siku za mapumziko ya taifa. Mwishoni mwa mwaka huo serikali ilizichukua shule za Kanisa, na ikaamriwa kwamba misalaba na picha za dini ziondolewe katika majengo ya umma. Picha iliyobaki ukutani ni ya Rais. Shule zilirudishwa kwa mapatano ya mwaka 1977, zikiwa zimechakaa.

Tazameni sasa, vijana. Mwanamuziki aliuliza sababu ya sura za ukutani kuwa nyeupe zote. Lilikuwa swali la haki. Lakini waliokuwa na nguvu walipoushusha msalaba katika darasa, hawakutundika Kristo mwenye sura ya Kiafrika mahali pake. Hawakutundika picha ya babu yeyote wa zamani. Walitundika mtu aliye hai, aliyetaka kusifiwa. Simlaumu Verckys kwa hilo. Wimbo ni wake, amri si yake. Ila nataka mjifunze kwamba swali la kweli linaweza kukodiwa na mtu asiyetafuta jibu. Linapokodiwa hivyo, wanaoumia hulichukia swali lenyewe, hata kama halina kosa.

Yule mzee aliyeomba muziki uzimwe alikuwepo jioni hiyo, ameketi karibu na mlango. Hapo akaomba neno. Alisema kwamba mwaka 1974 alikuwa mwanafunzi, na alimwona mwalimu wake akipanda juu ya kiti kuutoa msalaba ukutani, mbele ya darasa zima. Mwalimu aliufunga katika gazeti, akauweka ndani ya mfuko wake, na hakufundisha tena saa ile. «Siku zile redio ilikuwa ikipiga wimbo huo,» alisema. «Ninyi mnasikia saksofoni. Mimi nasikia kiti kikiburutwa.» Hakuna aliyecheka. Kijana wetu hakuwepo, lakini wenzake walimpelekea maneno hayo usiku huo huo.

Jioni ya tatu akaja. Akaketi nyuma kabisa. Hapo ndipo tulipolitafuta jibu, na nitawapa kwa kifupi yale tuliyoyapata.

Kwanza, juu ya picha, wimbo unasema kweli. Yesu alikuwa Myahudi wa Nazareti, mtu wa nchi ya joto na vumbi. Hakuna Mwinjili aliyetuandikia rangi ya ngozi yake wala ya macho yake. Wachoraji wa Ulaya walimchora akiwa na sura ya ndugu zao, na katika hilo hawakukosa, kwa maana kila taifa humchora anayempenda kwa sura inayoijua. Kosa huanza pale taifa moja linapowaambia mataifa mengine kwamba sura hiyo ndiyo pekee. Na kumchora shetani kwa rangi ya watu fulani ni jambo baya bila udhuru, awe amelifanya nani.

Pili, je, watakatifu wote ni weupe? Hapa wimbo haukusema kweli, tena kwa ushahidi ulio wazi. Tarehe 18 Oktoba 1964, miaka minane kabla ya wimbo, Papa Paulo wa Sita aliwatangaza watakatifu mashahidi 22 wa Uganda, Karoli Lwanga na wenzake. Miaka miwili kabla yao alitangazwa Martino wa Porres, mtoto wa mama mweusi wa Lima. Mwaka 1807 alikuwa ametangazwa Benedikto wa Sisilia, mtoto wa watumwa wa Kiafrika. Basi orodha ya Roma ilikuwa na weusi. Lakini mtoto wa Kisantu au wa Katuba haisomi orodha ya Roma. Husoma ukuta wa kanisa lake. Kama ukuta haukubadilika, tusimshangae anayeimba kile alichokiona.

Tatu, rozari. Nilisimulia habari za Isidori Bakanja, na darasa likanyamaza kuliko jioni zote. Bakanja alikuwa kijana Mkongo, alibatizwa mwaka 1906 huko Mbandaka, akawa mfanyakazi wa Wazungu katika shamba la kampuni. Alivaa skapulari ya Bikira Maria shingoni, na alisali rozari mbele ya wenzake bila kujificha. Msimamizi wake, Mzungu aliyechukia mambo ya mapadri, alimwamuru aivue skapulari. Bakanja hakuivua. Alipigwa kwa mjeledi wenye misumari hata mgongo wake ukawa kidonda kimoja, akateseka miezi mingi, akafa tarehe 15 Agosti 1909 akiwa amemsamehe aliyempiga. Tarehe 24 Aprili 1994 Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mwenye heri.

Fikirini jambo hili. Wimbo unaiona rozari kama kitu cha Mzungu mkononi mwa mtu mweusi. Katika habari za Bakanja, Mzungu ndiye anayetaka alama ile ivuliwe, na mtu mweusi ndiye anayeilinda kwa ngozi ya mgongo wake. Alama ile haikuwa na kabila. Ilikuwa ya yule aliyeitia pumzi yake, kama saksofoni ilivyokuwa ya Verckys hali ilibuniwa na mzaliwa wa Dinant.

Nne, mababu. Katika Misale iliyokubaliwa na Roma kwa ajili ya dioseze za nchi yetu mwaka 1988, mwanzoni mwa Misa tunawaita watakatifu, na pamoja nao tunawaita mababu zetu waliomtafuta Mungu kwa moyo mnyofu. Ninyi mmezaliwa mkiikuta sala hiyo, na pengine mnadhani imekuwepo siku zote. Haikuwepo. Maaskofu wetu waliiomba, wakaifanyia kazi miaka mingi. Siwaambii kwamba walikuwa wakimjibu Verckys. Nasema swali lilikuwa la watu wengi, nao maaskofu walikuwa wakijiuliza pia, na walifanya kazi ya kulijibu.

Hapa Katanga kazi hiyo ilikuwa imeanza mapema zaidi. Huko Kamina, mwaka 1958, watoto wa shule na walimu wao, wakiongozwa na Padri Guido Haazen, Mfransisko, waliimba Misa nzima kwa sauti na midundo ya kwetu. Misa hiyo, «Missa Luba», ilisikiwa duniani kote. Mtunzi wetu Joseph Kiwele alikuwa ametunga Misa yake ya Katanga. Kumbukeni kwamba mwaka 1903 Papa Pio wa Kumi alikataza ngoma na hata piano kupigwa kanisani. Walimu wale wa Kamina walipiga ngoma kabla Mtaguso wa Pili wa Vatikano haujakutana. Mwaka 1963 Mtaguso ulifundisha kwamba kinanda kikubwa cha mabomba kina heshima yake, na vyombo vingine vinaweza kukubaliwa, mradi vifae kwa ibada na viwajenge waamini kweli. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama saksofoni inaruhusiwa mbele ya altare, namwuliza kwanza inapigwaje, na kwa ajili ya nani.

Nilikuwa nimewapa vijana kazi ya nyumbani: kila mmoja atazame kuta za kwao na kuona sura zilizotundikwa. Walirudi na majibu yanayofanana. Katika nyumba nyingi kuna Moyo Mtakatifu na Bikira Maria wa Lourdes. Katika nyumba chache kuna Mwenye heri Anuarite, binti wa Wamba aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964, akatangazwa mwenye heri huko Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985. Bakanja hakuonekana karibu popote. Ndipo mtoto mmoja wa chama cha Kizito-Anuarite, aliyekuja na dada yake, akainua mkono na kusema kwamba wao wana majina mawili ya weusi katika jina la chama chao. Kizito ni yule mdogo kabisa wa mashahidi wa Uganda. Mtoto alisema kweli: jibu lilikuwa limekaa kati yetu, na tulikuwa tukiliita kila juma bila kulisikia.

Mwishoni kijana wetu akasimama. Alisema kwamba hakutaka kumtukana mtu. Alipenda namna saksofoni inavyolia katika wimbo ule, na alitaka kuona kama watu bado wanayasikiliza maneno. Kisha akamgeukia mzee, akamwomba radhi kwa kumrudisha kwenye darasa lile la mwaka 1974 bila kujua. Mzee alikaa kimya kitambo. Akasema: «Mwanangu, wimbo huo sitaupenda. Lakini rudi kwenye fanfari. Bila saksofoni yako wimbo wa kuingia unalegea.» Watu wakapiga makofi. Baraza la parokia nalo halikuendelea na maneno ya kumwondoa.

Tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Kupalizwa kwa Bikira Maria, alipiga. Ni siku aliyokufa Bakanja, na ni siku aliyotangazwa Anuarite. Jumamosi anaendelea na kazi yake ya DJ, na sasa, kabla ya kuweka wimbo wa zamani, huwauliza wakubwa maana ya maneno yake.

Vijana wapendwa, kati yenu wako wanaopiga vyombo, na wako wengi zaidi wanaochagua nyimbo: katika simu, katika harusi, katika mikutano ya chama. Yajueni maneno ya kile mnachokipiga. Mkiwa na swali juu ya imani, lileteni ndani, hata likiwa kali. Ayubu aliyaleta makali kuliko ya Verckys, na Mungu hakumfukuza. Na mtu akilisifu swali lenu kupita kiasi, tazameni anataka kutundika nini ukutani baada ya kuutoa msalaba.

Kwa mkutano wenu wa juma hili, jadilianeni haya:

Katika kanisa letu na katika nyumba zetu, ni sura za nani zinazowafundisha watoto, nao wanajifunza nini kwa kuzitazama?

Ni swali gani juu ya imani ambalo wenzetu wanauliza nje tu, kwa kuwa ndani hawajapata mtu wa kuwasikiliza?

Je, yuko kijana wa parokia yetu ambaye amekaa nyumbani Dominika mbili? Nani kati yetu atakwenda kumwona kabla ya ile ya tatu?